R7 au R8? Jibu kwa mpigapicha wa harusi wa Tanga

Dada mmoja wa Tanga ameniandikia hivi: "Shikamoo. Nina Canon 700D na lenzi tatu: 18-55, 55-250 na 50 ya f/1.8. Napiga harusi na sendofu, mbili au tatu kwa mwezi, na nikipata nafasi napanda msitu wa Amani kupiga picha za ndege. Video sipigi. Nimeweka akiba ninunue kamera isiyo na kioo cha kurusha taswira ndani (mirrorless), na zimebaki mbili: Canon R7 na Canon R8. Dukani zimekaribiana bei. Kila ninayemuuliza ananiambia chukua fulu-fremu, yaani yenye sensa kubwa, ndiyo R8. Wewe unanishauri nini?"

Marahaba. Nianze na jibu lenyewe: chukua R7, na kiasi kitakachobaki kiweke kwenye lenzi moja yenye tundu kubwa la kuingizia mwanga (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Hao wanaokwambia fulu-fremu hawakudanganyi. Sensa ya R8, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, ni bora gizani, na nitakuonyesha ni bora kwa kiasi gani. Ila wamekujibu kuhusu sensa tu. Mtu anayekula kwa kamera anatakiwa ajiulize jambo jingine: nikishailipia hii, itanidai nini tena kabla ya harusi ya Jumamosi? Hapo ndipo R8 inapokuwa ghali kwako.

Kwanza ujue kwa nini hizi mbili zinawachanganya watu. R7 ilitoka 2022, R8 ikafuata mwanzoni mwa 2023, na Marekani zote zilianza kuuzwa dola 1,499 bila lenzi. Kwa bei hiyo moja Canon walipunguza vitu tofauti. R8 wameipa sensa kubwa ya megapikseli 24.2, ileile iliyomo kwenye R6 Mark II ambayo ni ghali zaidi, halafu wakaibana kwenye mwili: haina kitulizaji cha mtikisiko ndani, ina nafasi moja tu ya kadi, betri yake ni ndogo, na haina kile kijiti cha kusogeza fokasi kwa kidole gumba. R7 wameipa sensa ndogo ya megapikseli 32.5, lakini kitulizaji, nafasi mbili za kadi, betri kubwa na kijiti, vyote inavyo. Kufuata jicho na uso zote zinaweza, na ukitoka kwenye pointi 9 za fokasi za 700D utaona umeingia dunia nyingine, uchukue yoyote. Kwa hiyo fokasi isikukoseshe usingizi.

Sasa twende kwenye mwanga, maana ndio hoja kubwa ya upande wa R8 na sitaki kuipita kwa haraka.

Sensa ya R8 ni milimita 36 kwa 24. Ya R7 ni 22.3 kwa 14.8. Ukipiga hesabu ya eneo, ile kubwa ni mara 2.6 ya ndogo. Piga picha moja kwa kamera zote mbili, tundu lilelile, spidi ileile, fremu ileile: R8 itakuwa imekusanya mwanga mara 2.6. Zichapishe kwa ukubwa mmoja, na chenga, zile punjepunje za picha ya gizani, utakazoziona kwenye R8 ikiwa ISO 6400 (ISO ni kiasi kamera inavyokuza mwanga) zitakaribiana na za R7 ikiwa ISO 2500. Hiyo ndiyo tofauti yote, si zaidi ya hapo.

Inauma wapi? Inauma kwenye ngozi zetu. Umeshawahi kuipiga picha hii: bwana harusi mweusi, suti nyeusi, kasimama ubavuni mwa shela jeupe, na mpambaji kamwaga taa za zambarau ukutani. Ukipima mwanga ili ushonaji wa shela usiungue, uso wa bwana harusi unabaki chini kwenye giza, na chenga makao yake ni huko gizani. Ukirudi nyumbani ukauinua uso kwenye kompyuta, chenga zinainuka nao, rangi ya ngozi inakuwa kama majivu. Wapigapicha wengi wanailaumu kamera, kumbe ni mwanga haukutosha mahali pale pale palipouhitaji. R8 inakupa nafasi kubwa zaidi ya kuinua uso ule bila kuuharibu. Kama kungekuwa na hoja hii peke yake, ningekwambia chukua R8 na nisingeandika zaidi.

Lakini mwanga hauifikii sensa bila kupita kwenye lenzi. Tuangalie mkoba wako.

Lenzi zako tatu zitafanya kazi kwenye kamera yoyote kati ya hizi kupitia adapta ya EF-EOS R, fokasi na kila kitu, wala ubora haupungui kwa sababu adapta ni pete tupu, haina kioo cha lenzi ndani. Tatizo ni kwamba 18-55 na 55-250 ni za aina ya EF-S, zimetengenezwa kwa sensa ndogo. Ukizifunga kwenye R8, kamera inajikata yenyewe na kutumia sehemu ya katikati tu ya sensa, na picha inayotoka ni ya megapikseli 9 hivi. 700D yako inatoa 18. Yaani utanunua kamera mpya upate nusu ya ile ya zamani, na faida ya sensa kubwa nayo imekatwa pamoja na kingo. Lenzi itakayobaki na heshima yake kwenye R8 ni 50 peke yake, na kwa kweli itapendeza sana pale. Lakini hakuna harusi inayopigwa kwa lenzi moja ya 50, siku mama mzazi atakapotaka ukoo mzima kwenye fremu moja na nyuma yako kuna ukuta.

"Basi nitachukua R8 ile inayouzwa na lenzi yake." Wengi hufanya hivyo. Lenzi hiyo ni RF 24-50 ya f/4.5-6.3 (RF ni lenzi za kamera hizi mpya za Canon). Fuatana nami kwenye hesabu hii, kwa sababu sijaona duka linalomweleza mteja. Linganisha R8 yenye lenzi hiyo na R7 yenye lenzi ya f/2.8. Upande mpana, f/2.8 inapitisha mwanga mara 2.6 ya f/4.5, kiasi kilekile sensa kubwa inachoizidi ndogo. Zinatoka sare, faida yote ya fulu-fremu imemezwa na tundu dogo la lenzi. Ukivuta hadi 50, R8 iko kwenye f/6.3, na f/2.8 inapitisha mara tano ya hiyo. Gawanya kwa 2.6: R7 sasa inakusanya karibu mara mbili ya R8. Huyo anayejivunia fulu-fremu kwenye ukumbi wenye giza anaweza kuwa na chenga kumzidi mwenzake mwenye sensa ndogo, akadhani kamera yake ni mbovu.

Ili R8 ifikie uwezo wake unahitaji lenzi ya f/2.8 inayofunika sensa nzima. Canon walitangaza RF 28-70 ya f/2.8 mwaka 2024 kwa dola 1,099 huko Marekani, na ni lenzi nzuri. Nyingine ni EF 24-70 ya f/2.8 iliyotumika (EF ni za kamera za zamani, ila zinafunika sensa nzima), nayo si ya kuokota, na kioo cha lenzi ya zamani inayotoka mkono kwa mkono lazima ukikague. Kwa R7, Sigma wana 18-50 ya f/2.8. Mwaka 2024 Canon waliwaruhusu Sigma na Tamron kutengeneza lenzi za RF zenye fokasi otomatiki za sensa ndogo, na hii ilikuwa ya kwanza ya Sigma. Ni nyepesi, gramu 300 hivi, na bei yake ilianza karibu nusu ya ile ya Canon. Haina kitulizaji chake, ila R7 ina cha kwake ndani ya mwili, kwa hiyo wanaoana. Huo ndio ununuzi ninaokutaka uufanye: R7, adapta, na hiyo 18-50. 55-250 inaendelea kufanya kazi, 50 inageuka kuwa lenzi ya nyuso yenye upeo kama wa 80 kwenye fulu-fremu, na 18-55 unampa mdogo wako ajifunzie.

Kuhusu kadi nitakwambia yaliyonikuta. Miaka ya nyuma nilipiga nikahi asubuhi na sherehe jioni kwa kamera yenye nafasi moja. Usiku nachomeka kadi kwenye kompyuta, haisomeki. Programu za kurejesha picha zilinitolea baadhi; za nikahi nyingi hazikurudi. Nilikwenda kwa wazazi wa bibi harusi mwenyewe, nikakaa sebuleni, nikawaeleza. Baba yake hakupaza sauti. Aliniuliza tu kama ile ya yeye kumshika mkono bwana harusi imepona, nikamjibu haikupona. Tangu siku hiyo sijapokea malipo ya harusi nikiwa na kadi moja ndani ya kamera. Wapo wenzangu wazuri sana wanaofanya kazi miaka na nafasi moja, wanabadilisha kadi kila baada ya tukio ili ajali isile siku nzima, na hawajawahi kupatwa. Siwabishii. Ila nikahi hairudiwi, na R7 ina nafasi mbili ambazo unaziamuru ziandike picha ileile kwa pamoja. Kwangu hili peke yake lina uzito kuliko zile chenga.

Betri. Kwa kipimo rasmi cha viwandani, ukichungulia kwenye dirisha la kamera, R8 inakupa picha 150 kwa chaji moja na R7 picha 380. Kazini utapata zaidi ya hizo kwa zote mbili, kwa kuwa kipimo kile ni kikali, lakini tofauti haiondoki. Kwa sendofu ya saa sita utahitaji betri nne za R8, na utakuwa unabadilisha katikati ya watu wanaotuza. Betri za 700D, zile LP-E8, haziingii kwenye yoyote, kwa hiyo usizihesabu. R7 inatumia ukoo wa LP-E6, zilezile za 6D, 70D, 80D na 5D kuanzia Mark II. Ukiishiwa ukumbini, yule mwenzako wa video mwenye Canon ya zamani huenda akawa nayo mkobani. Jihadhari tu na zile bandia za bei ya kutupa; mimi zimewahi kuvimba ndani ya kamera zikagoma kutoka.

Kitulizaji cha mtikisiko kinazungumzwa kama muujiza, kwa hiyo nikuwekee mipaka yake. Kinasaidia vitu visivyotembea: pete juu ya sahani, meza ya mapambo, ukumbi kabla wageni hawajaingia, bibi harusi ametulia kando ya dirisha. Hapo utashuka hadi 1/15 ya sekunde na 50 yako na picha itakaa. Watu wakianza kucheza hakina kazi, maana kinachotikisika ni wao. Hapo unahitaji spidi, na ili upate spidi unahitaji mwanga.

Na mwanga, dada yangu, ni flashi. Hili ndilo linalonifanya niseme R7 bila wasiwasi. Ukipiga flashi juu ya dari au kwenye ukuta mweupe ulio nyuma yako, ISO 800 hadi 1600 na f/2.8 vinatosha kwenye kumbi nyingi, na kwenye ISO hizo R7 ni safi, hakuna mteja atakayeona tofauti na fulu-fremu kwenye albamu. Ugumu unakuja kwenye maturubai na kumbi zilizofunikwa vitambaa darini. Kitambaa cha zambarau kinarudisha mwanga wa zambarau, uso unakuwa kama wa mgonjwa. Siku hiyo usipige juu. Toa flashi kwenye kamera, iweke kwenye stendi pembeni na mwamvuli mweupe, uiwashe kwa kirusha mawimbi. Seti ya flashi mbili za kawaida na kirushio chake itakubadilishia picha za usiku kuliko kuhama sensa. Flashi unayoitumia kwenye 700D itakaa na kuwaka kwenye R7 na hata R8.

Kuna mtego wa shata, lile pazia la kamera linalofunguka na kufunga, ambao ni lazima uujue kabla hujafika kazini. Kamera hizi zina shata ya kielektroniki isiyo na sauti, na R8 kwa njia hiyo inapiga hadi picha 40 kwa sekunde, R7 30. Zinavutia dukani. Ukumbini, taa za LED zinawaka na kuzima kwa kasi ambayo macho hayaioni, na shata hiyo inasoma sensa mstari kwa mstari, kwa hiyo unapata picha yenye mistari ya giza na mwanga kama shuka la mistari. Flashi nayo haiwaki kabisa kwenye njia hiyo. Ukumbini tumia shata ya kawaida ya R7, hata kama inalia. Na kweli inalia. Msikitini au kanisani pakiwa kimya utasikika, hivyo chagua fremu zako. R8 haina shata kamili ya chuma. Inaanza kwa umeme na kumaliza kwa chuma, na mwendo wake hapo ni picha 6 kwa sekunde, zinazotosha kwa harusi. Kasoro yake inajitokeza juani: ukipiga ufukweni mchana kwa f/1.8 na spidi ya 1/2000 na kuendelea, ule ukungu laini wa nyuma unakatika, viduara vya mwanga vinatoka kama vimeng'atwa.

Amani nayo isikupe shida ya kuchagua. 55-250 kwenye R7 inakupa upeo kama wa 400, na megapikseli zote 32.5 zikiwa juu ya ndege. Kwenye R8 lenzi hiyohiyo inakupa upeo uleule na megapikseli 9. Ukiweza baadaye kupata RF 100-400, itafika kama 640. Lakini nikuonye: mwisho wake ni f/8, na chini ya miti ya Usambara saa moja asubuhi f/8 ni giza. Hondohondo akitua juu ya kilele penye anga wazi utampata vizuri. Vidogo vinavyorukaruka chini ya vichaka vitakupa chenga, na hapo sensa ndogo itakukumbusha kuwa ni ndogo. Pia kwa ndege anayeruka usitumie shata ya kielektroniki ya R7. Inachukua karibu 1/30 ya sekunde kusoma sensa nzima, mbawa zinapinda kama mpira. Ya chuma inapiga 15 kwa sekunde, nayo ni nyingi mno kwa kadi yako.

Ni lini ningekwambia R8? Kama ungekuwa umeshauza hizo EF-S, una 24-70 ya f/2.8 mkobani na kamera ya pili begani yenye kadi yake, ningesema nunua R8 leo. Pia kwa mtu wa picha za nyuso na safari asiyelipwa kwa tukio lisilorudiwa: uzito wake ni gramu 461 pamoja na betri na kadi, R7 ni 612, na kwa kutembea mjini siku nzima gramu hizo unazihisi shingoni.

Ukienda kununua, iwe Kariakoo au kwa mtu, usilipe kabla hujafanya haya. Beba kadi mbili zako, piga ukiwa umeziweka zote, kisha zitoe usome kila moja peke yake. Funga lenzi, weka f/16, piga ukuta mweupe au anga, ukuze picha utafute madoa. Vumbi husafishwa, mkwaruzo hausafishiki. Zungusha magurudumu yote. Piga mfululizo mrefu kwa shata ya chuma usikilize kama mlio unabadilika. Omba risiti yenye namba ya kamera na uilinganishe na iliyo kwenye mwili wa kamera.

Na usiipeleke harusini wiki hiyohiyo. Nenda nayo kwanza kwenye sherehe ya ndugu, 700D ikiwa begani, kamera mpya ukiwa umeiamuru iandike kadi zote mbili. Fokasi ya jicho itakushangaza, ila shela likishushwa usoni inaweza kushika nyuzi za kitambaa badala ya jicho. Hapo rudi kwenye pointi moja ndogo, isogeze kwa kile kijiti hadi juu ya jicho lenyewe, upige tatu nne. Hilo lizoee hadi kidole kijue njia chenyewe.